Waziri Niliyemhudumia Eden Prairie

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya Waziri nilichelewa kwa dakika kumi na nne, naye alizihesabu. Basi lilinishusha kando ya barabara pana ya Eden Prairie, kitongoji kimoja cha Minnesota, Marekani, mahali ambapo hawakujenga hata njia ya miguu kwa sababu hakuna anayetembea. Nilikwenda juu ya theluji, magari yakinipita karibu na kiwiko. Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye kiti cha magurudumu mbele ya dirisha, amefungwa tai, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoazimwa.

"Bwana," aliniambia kwa Kifaransa, bila salamu, "huko ulikotoka mlikuwa mnaanza kazi saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, Mheshimiwa," nikamjibu kwa lugha ileile. "Ofisi ya kamishna nilikuwa naifungua mimi."

Akageuza shingo anitazame vizuri. "Na Kifaransa hicho umekipata wapi?"

"Kwa mapadre, Mheshimiwa. Halafu kwenye mashine ya kuchapa."

Asubuhi ile alikubali nimnyoe, jambo ambalo wahudumu watatu walionitangulia hawakuruhusiwa.

Vijana wa kanisani kwetu wengi wanaifanya kazi hii ya kuwahudumia wazee sasa, na wameniomba niandike jinsi sisi tulivyoifanya. Nitaandika, ila nisidaiwe maneno matamu.

Jina langu ni Wilondja. Nilianza kazi Uvira, upande wa mashariki wa Kongo, nikiwa dactylo, yaani mpiga taipu, katika ofisi ya kamishna. Dactylo wa wakati ule hakuwa mtu wa kubonyeza herufi tu. Bosi alisema maneno yake ovyo, wewe ukayapanga, ukarekebisha sarufi, ukamrudishia barua ambayo aliamini kwamba ni yake. Kamishna alikuwa akiniambia, "Wilondja, mimi nina cheo, wewe una sentensi." Vita vilipokuja cheo chake na sentensi zangu vyote vilibaki Uvira. Nilivuka na familia hadi Tanzania, nikakaa kambini Kigoma miaka mingi nikifundisha watoto, na ndiko Kiswahili changu kilikonyooka. Kisha jina letu likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kuhamishiwa Marekani, na tukaletwa Minnesota, mimi, Mama Furaha na watoto wadogo.

Furaha mwenyewe, mtoto wetu wa kwanza, hakuja. Alikuwa ameolewa kambini, na aliyeolewa huondolewa katika faili la wazazi. Mume wake alimchukua wakatafute maisha Ulaya, akafia njiani. Furaha alifika Ufaransa mjane, na mtoto mgongoni.

Kazi yangu ya kwanza Marekani ilikuwa katika nyumba ya wazee, Saint Paul. Muuguzi Mkuu wa pale, mwanamke mrefu asiyecheka, alinipa mkanda mpana wa kitambaa akaniambia, "Huu ndio mkono wako wa tatu. Ukimsimamisha mgonjwa bila mkanda huu, siku hiyohiyo umejifukuza." Mkanda unafungwa kiunoni mwa mgonjwa, unaushika kwa nyuma, unapiga goti na kuinuka naye. Unainua kwa mapaja. Mgongo hauinui kitu. Vijana wengi mnainua kwa mgongo, ndiyo maana mnaugua mkiwa na miaka thelathini. Pale nilijifunza pia kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate kidonda cha kulalia. Kidonda hicho huanza kama wekundu mdogo kwenye nyonga, na ukikipuuza kwa siku mbili kinaweza kufika mfupani.

Aliyenipeleka kwa Waziri alikuwa Mratibu wa kampuni ya huduma za nyumbani, Mkenya aliyeitwa Nyambura. Alinipigia simu nikiwa nyumbani kwetu Cedar-Riverside, ghorofa ya kumi na mbili.

"Mzee Wilondja, niko na client mmoja ameni-stress sana. Mfaransa. Ali-get stroke, anaishi kwa binti yake. Kila mtu nikituma ana-refuse. Anataka mtu wa kuongea French poa. Wewe si ulikuwa unaandikia wakubwa?"

"Zamani, mama."

"Basi enda umwandikie huyu pia. Lakini muogeshe kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa. Saa mbili asubuhi nilimwosha, nikampaka mafuta, nikamvalisha kuanzia mkono ule ulioganda, kwa sababu upande mgonjwa ndio hutangulia kuvaa na hubaki wa mwisho kuvua. Maji yake ya kunywa niliyatia unga wa kuyafanya mazito ili asipaliwe. Binti yake, Hélène, alikuwa amekwenda ofisini. Aliolewa na Mmarekani na alifanya kazi katika mojawapo ya makampuni yale yenye majengo ya vioo. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Saa nne, Waziri akiwa msafi na tai yake shingoni, nilifungua kompyuta juu ya meza ya kulia, naye akaanza kunisimulia maisha yake. Alitaka kitabu.

Kwa hiyo niliyajua maisha ya mtu yule kuliko ninavyoyajua ya ndugu zangu. Baba yake alikuwa mthibitishaji wa hati katika mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa. Yeye alisomea sheria, akarudi nyumbani, akachaguliwa diwani kabla hajafika miaka thelathini, kisha meya. Alikuwa meya kwa zaidi ya miaka ishirini, na alinieleza kwamba siasa ya Kifaransa haianzii Paris, inaanzia kwenye mazishi. "Meya mhafidhina anahudhuria kila mazishi, Bwana Wilondja. Hata ya wakomunisti. Hasa ya wakomunisti." Kutoka umeya akaingia bungeni. Kule wakati ule mtu aliweza kuwa meya na mbunge kwa pamoja, akalala kwenye treni huku na huku. Baadaye akateuliwa naibu waziri katika wizara ya mambo ya ndani, kwa mwaka mmoja na nusu tu, lakini kwa adabu yao mtu akishaitwa waziri huitwa hivyo mpaka kaburini. Akamalizia katika Seneti. Kiti cha Seneti alikipoteza kwa kijana aliyemfundisha siasa yeye mwenyewe, aliyekuwa akimbebea mkoba. Chama kikamchagua kijana. Kwenye ukurasa huo akasema tu, "Andika kwamba nilimtakia heri." Nikaandika.

Alikuwa mhafidhina wa kweli, si wa kelele. Aliamini familia, kanisa, mpaka na daftari lililopangwa vizuri. Aliniita Bwana na kunisemesha kwa ile *vous* ya heshima siku zote, wakati jirani yake Mmarekani aliniita "buddy" bila kuniuliza jina. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa.

Sura aliyoipenda kuliko zote ilihusu sheria ya wageni. Katika sheria hiyo yeye alikuwa *rapporteur*, maana yake mbunge anayekabidhiwa muswada auchambue, kisha asimame mbele ya wenzake na kuutetea kifungu kwa kifungu. Kabla ya sheria ile, alinieleza, mkuu wa mkoa aliweza kumwonea huruma mgeni aliyenyimwa hifadhi, akamwachia kibali kwa hiari yake. Yeye aliuziba mlango huo.

"Kwa nini, Mheshimiwa?" nilimuuliza. Dactylo mzuri huuliza, ili sentensi ikae sawa.

"Kwa sababu huruma ya mkuu wa mkoa hupewa anayejuana na watu. Mwenye rafiki anabaki, asiye na rafiki anafukuzwa. Mimi nilitaka wote wawe sawa."

Maelezo yake yalikuwa yametawanyika kurasa sita. Niliyapunguza hadi mbili. Nilipomsomea, macho yake yaling'aa. "Sikuwahi kuisema vizuri hivi hata bungeni," akasema. Nilifurahi. Nakiri hapa kwamba nilifurahi, nikapanda basi la kurudi mjini nikiwa na furaha ya mtu ambaye fani yake ya ujana imemrudia.

Haikupita miezi miwili Furaha akanipigia simu. Ilikuwa mchana, nilikuwa jikoni kwa Waziri nikimpondea karoti.

"Papa, wamekataa kunipa hifadhi. Rufaa pia wamekataa. Wamenipa karatasi, niondoke."

"Uko wapi sasa?"

"Nilitoka kwenye makao ya waomba hifadhi. Niko kwa rafiki. Watu wananiambia nivuke niende Ubelgiji. Kuna Wabembe wenzetu kule, watanipokea. Basi la kesho kutwa lina nafasi."

Nilisimama na kijiko mkononi. Kupitia mlango nilimwona Waziri amesinzia kwenye kiti, mtu aliyekuwa akiwaita wakuu wa mikoa kwa majina yao ya kwanza.

"Usiende," nikamwambia. "Subiri kidogo. Mimi nina mtu."

Jioni Mama Furaha aliniuliza kama nina hakika. Binti yetu mdogo, Neema, aliyekuwa akifanya kazi za shule, alidakia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yule mzee si rafiki yangu, ni kazi yangu. Nilimwambia anyamaze, mambo ya wakubwa hayajui.

Kesho yake nilimwosha Waziri, nikamvalisha, nikafungua kompyuta, na badala ya kungoja sentensi yake nikasema yangu. Nilimweleza yote. Nilikuwa nimesimama. Sijui kwa nini, maana kwa mwaka mzima nilikuwa naketi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama nje, kwenye uwanja wa nyasi uliofunikwa theluji.

"Unajua unaniomba nini, Bwana Wilondja."

"Najua, Mheshimiwa. Niliichapa sura ile."

"Wewe ndiye uliyeifanya ieleweke."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Halafu akasema, "Andika," na akaanza kusoma barua kutoka kichwani bila kusita, kana kwamba kiharusi hakijawahi kumpata. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuchapa. Hakujidhalilisha wala hakuamrisha. Alimkumbusha mkuu wa mkoa siku walizofanya kazi pamoja wizarani, akamweleza kuhusu mjane Mkongo mwenye mtoto mdogo na baba anayemhudumia kwa uaminifu mtumishi mzee wa taifa. Sikubadili hata neno moja. Alipofika mwisho akasema, "Weka anwani yake kamili. Barua isiyo na anwani huishia kwenye droo."

Nilimpigia Furaha simu palepale. Akanipa anwani ya rafiki yake: mtaa, namba, ghorofa, mlango wa kushoto. Nikaichapa. Waziri akatia saini kwa mkono wa kushoto, ikachukua muda mrefu, ulimi ukimtoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Niliipeleka posta mwenyewe.

Basi la Ubelgiji likaondoka bila Furaha. Nilimwambia akae pale pale, asihame, jibu lisije likamkosa.

Jibu lilifika Eden Prairie baada ya wiki tano, katika bahasha nzito. Waziri hakuweza kuifungua kwa mkono mmoja, nikamfungulia. "Soma kwa sauti," akasema.

Nikasoma. Mkuu wa mkoa alifurahi kupata habari za Mheshimiwa Waziri na alimtakia nafuu. Alikuwa amelisoma faili kwa makini yeye binafsi. Kwa masikitiko, kifungu ambacho Mheshimiwa Waziri mwenyewe alikitetea bungeni, kwa ufasaha ambao wote waliuenzi, hakikumwachia nafasi yoyote ya hiari. Akamalizia na heshima zake za juu kabisa.

"Soma tena sehemu ya kifungu."

Nikasoma tena. Waziri aliegemeza kichwa nyuma. Nilidhani analia. Nilipomtazama vizuri niliona anatabasamu, kidogo, upande wa kushoto wa mdomo, ule uliobaki hai.

"Kimeshika," akasema. "Miaka yote hii, na hata kwangu mimi hakikulegea. Unaona, Bwana Wilondja? Tulikijenga vizuri."

Nilikwenda jikoni, nikafungua bomba la maji, nikasimama pale mpaka yalipopata moto.

Siku nne baadaye rafiki yake Furaha alinipigia. Polisi walikuwa wamekuja asubuhi. Hawakuuliza majirani wala kugonga milango mingine. Walipanda moja kwa moja, mlango wa kushoto. Furaha na mtoto walipelekwa kwenye kituo cha kuzuilia watu, kisha wakapandishwa ndege kwenda Kinshasa, jiji ambalo binti yangu hakuwahi kulikanyaga na ambalo lugha yake haijui. Kutoka Uvira mpaka Kinshasa ni nchi nyingine kabisa, ingawa kwenye ramani ni moja.

Sijui kama barua ile ndiyo iliyowaonyesha njia. Labda walikuwa na anwani kutoka mahali pengine. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na hakuna mara moja niliyojiamini.

Nilipomweleza Waziri, alinipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Alinishika mkono kwa ule wake mzima. Lakini wiki iliyofuata alisema anataka kuiongeza barua yake na jibu lake mwishoni mwa sura ya sheria ya wageni. "Itakuwa ushahidi," alisema. "Watu husema wanasiasa huwatungia wengine sheria na kujipendelea wenyewe. Hapa kuna ushahidi kwamba mimi niliomba na nikakataliwa."

"Na jina la binti yangu, Mheshimiwa?"

"Tutaandika herufi F."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumpigia Nyambura nimwambie anipeleke kwingine, na angenielewa. Vijana huniuliza kwa nini sikuondoka, nami sina jibu la kuwapendeza. Nilikuwa na umri ambao kazi mpya haipatikani kwa urahisi, na mtu pekee katika Marekani nzima aliyenitambua kuwa dactylo alikuwa yule. Nikachapa. Nikapanga aya. Niliona kwamba sentensi moja ya mkuu wa mkoa ilikuwa na kosa dogo la sarufi, nikaliacha. Huo ndio uasi wangu wote.

Nilimhudumia kwa karibu miaka mitatu zaidi. Kiharusi cha pili kilimnyang'anya usemi, na kitabu kikabaki mikononi mwa Hélène na mchapishaji mmoja mdogo wa huko kwao. Sasa ilikuwa kazi ya mwili tu. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili. Nilimlisha uji kijiko kwa kijiko, nikingoja koo lishuke kabla ya kijiko kingine. Simu ya nyumbani ilipolia macho yake yaliikimbilia. Alikuwa akingoja mtu wa chama, au yule kijana aliyekichukua kiti chake. Kwa muda wote niliokuwa pale hakupiga hata mmoja wao. Kuna siku nilimwonea huruma, na kuna siku nilitazama macho yale yakiikimbilia simu, nikasema moyoni, ngoja, nawe ngoja. Sijivunii hilo. Naliandika kwa sababu mlitaka kujua kazi hii ilivyokuwa, na chuki pia ilikuwa sehemu yake. Unaiacha mlangoni pamoja na viatu vya theluji, unanawa mikono, unaingia.

Alifariki mchana mmoja wa masika, Hélène akiwa amemshika mkono. Muuguzi aliyekuja kuthibitisha kifo alimgeuza, akamkagua mgongo, nyonga na visigino, akaniuliza amelala kitandani muda gani. Nikamwambia. Akasema hajawahi kuona ngozi safi hivyo kwa mgonjwa wa muda mrefu namna ile. Hilo najivunia, hata leo.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Hélène aliniletea nakala mpaka Cedar-Riverside, akapanda lifti yetu iliyojaa akina mama na mifuko ya manunuzi, akaketi kwenye kochi letu akanywa chai. Kwenye ukurasa wa shukrani Waziri aliwashukuru madiwani wake, dereva wake, mke wake marehemu, na "mhudumu wangu Mwafrika, kwa subira yake." Nilimuuliza Hélène kama ni yeye aliyeliondoa jina. Alishtuka, akakichukua kitabu, akasoma, akaona haya. "Ni baba aliyeuandika ukurasa huo kwa mkono wake, kabla ya kiharusi cha pili," alisema. "Nilidhani mlikubaliana." Sura ya sheria ya wageni ilikuwa kama nilivyoiacha, koma kwa koma. Herufi F ipo.

Niliacha kazi mwaka huohuo, magoti yalipokataa. Nyambura alinifanyia chakula ofisini, akasema mbele ya wote kwamba Mzee Wilondja haku-miss shifti hata moja. Wakapiga makofi.

Furaha aliniuliza swali moja tu tangu afike Kinshasa. "Papa, ile anwani ni wewe uliyeiandika?" Nikamjibu kwamba ndiyo, niliichapa mimi. "Nilitaka kujua tu," akasema, na tangu siku hiyo salamu zake hupitia kwa mama yake. Amepata kazi ya kushona kwa mtu wa kanisa. Anajua Lingala sasa.

Mwaka huu Mama Furaha alipata pasipoti ya Marekani, akasafiri kwenda kumwona. Mimi sikualikwa, na sikujialika. Nilimsindikiza uwanja wa ndege kwa treni ya mjini, nikambebea sanduku mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. Siku ya tatu alinipigia kwa video. Nikamwona Furaha nyuma yake kwenye cherehani, amenenepa kidogo, hakuinua kichwa. Kisha Mama Furaha akampa simu mjukuu wetu, Riziki, yule aliyekuwa mgongoni, msichana mkubwa sasa, mwenye mwanya kidogo katika meno ya mbele kama mama yangu.

"Msalimie," Mama Furaha akamwambia.

Mtoto akanitazama, akanyoosha mgongo, akasema kwa Kifaransa safi cha shule za kule walikomfukuza: "*Bonjour, monsieur.*"

Cherehani ilikuwa imesimama. Furaha alimsikia, na nilimwona amemsikia. Hakumsahihisha aniite babu.

"*Bonjour, mademoiselle,*" nikajibu.